Kadi ya Feni Tatu

Dokta hakuwa daktari wa watu wala wa mifugo. Alikuwa fundi wa kompyuta, na koti lake jeupe alilinunua kwenye mitumba, pamoja na kile kipimo cha madaktari cha kuning'iniza shingoni, siku alipogundua kwamba mtu akiona koti jeupe huacha kuuliza maswali. Kompyuta ikiletwa, Dokta aliweka kipimo ubavuni mwake, akafumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa polepole. Mwenye kompyuta naye akaanza kutikisa kichwa. Kuanzia hapo ugonjwa wowote aliotajiwa aliupokea kwa shukrani.

Kibanda chake kilikuwa mwisho kabisa wa korido ya mafundi, mlango mmoja kabla ya choo. Miaka kumi alikaa hapo, na wateja wake wengi walikuwa watu wanaopita kwa haraka wakielekea kwingine. Kwa hiyo aliposikia kwamba chumba cha mbele kimebaki wazi, kile chenye kioo kinachotazama barabara, Dokta alishindwa kula siku mbili. Alikuwa na hamu nacho kama mtu mwenye posa. Chumba kilikuwa mali ya Kifaru, mwenye ukumbi wa gemu wa jirani, mtu wa shingo nene na maneno machache.

"Niletee kadi ya picha, ile kubwa kuliko zote, ya feni tatu," Kifaru alimwambia. "Mashindano yangu ni Ijumaa jioni. Ukiileta kabla, chumba chako. Usipoileta, kuna fundi simu anakitaka."

Kwa asiyejua, kadi ya picha ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Zipo za kawaida, na zipo zile kubwa ambazo vijana wa gemu huziota usingizini. Aliyoitaka Kifaru ilikuwa haipatikani madukani hata kwa dawa.

Tumpe Dokta haki yake: alikuwa mtu wa utaratibu. Vitu vilivyoungua hakuvitupa. Alivisugua, akavibandika lebo za dhahabu alizochapisha mwenyewe kwa mashine yake iliyochoka, na kuviuza kwa jina la vitu bora. Na kila kibovu alikitia nukta ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, mahali pa kificho. Mteja akirudi na hasira zake, Dokta alikigeuza, akatafuta nukta, na akiiona tu alijua kwamba hiki ni cha kukanwa. Aliweka mkono moyoni na kusema kwa huzuni, "Hiki hakikutoka kwangu." Wafanyabiashara wengine huweka daftari. Yeye aliweka rangi ya kucha.

Alhamisi asubuhi, Dokta akiwa anafuta vumbi kwenye lebo zake, akaja bibi mmoja mfupi mwenye kikapu cha sokoni na sauti ya mnadani. Alipita vibanda kumi na kimoja bila hata kugeuza shingo, akaja kusimama kwake.

"Wewe ndiye Dokta?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kompyuta yetu inachemka kama birika. Unaiwasha vizuri, dakika kumi, pu, imezima. Mjukuu wetu aliiunga mwenyewe pale nyumbani, kipande kwa kipande, na leo mwenyewe yuko chuoni. Sasa wifi yangu na mimi tufanyeje?"

Dokta akavuta pumzi ya kumwambia kwamba nafasi hana mpaka wiki ijayo. Kanuni ya kwanza ya kazi yake ilikuwa kutoonyesha njaa. Lakini bibi alikuwa bado hajamaliza.

"Mimi sijui kilichomo humo. Ninachojua kuna dude jeusi, refu kama mkate, lina feni tatu na maandishi ya dhahabu."

Dokta akameza mate. Koo lake lilipanda, likashuka.

"Mama," akasema, huku akiwa tayari amebeba mkoba wake wa vifaa, "joto la namna hiyo halisubiri. Twende sasa hivi."

Kwamba bibi yule aliwapita mafundi kumi na mmoja wenye vioo na viti akaja kumchagua wa mlango wa choo lilikuwa jambo la kufikiriwa. Dokta alilifikiria njia nzima. Akaamua ni koti.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi kama kaburi la tajiri, na kila chenye umbo humo ndani kilivalishwa kitambaa cha kufuma: redio, friji, viti, hata mtungi wa gesi. Kompyuta ilikaa kwenye meza ya pembeni nayo ikiwa na chake, kimeteremka nyuma mpaka sakafuni. Kwenye kiti kando yake alikaa mwenye nyumba, mwembamba, miwani puani, sindano ya kufumia mkononi.

"Karibu, mwanangu. Mtaani wananiita Opereta. Miaka thelathini na moja nilikuwa wa simu pale posta, kazi kuchomeka nyaya na kuchomoa. Haya ya ndani ya mashine ni yenu vijana."

Aliyemleta Dokta alikuwa dada wa marehemu mume wa Opereta. Alikuja kumtembelea kwa wiki moja, miaka ishirini iliyopita. Mtaa mzima ulimwita Wifi.

Wakawasha. Skrini ikaonyesha maua. Dokta akachungulia kwenye matundu ya ubavuni na kuziona feni tatu zikizunguka ndani, akaweka kipimo, akafumba macho. Moyo uliokuwa ukidunda kwa nguvu ulikuwa wake. Dakika ya tisa kasha lilikuwa moto wa kuanikia nguo, na maua yakapotea.

"Umeona?" Wifi akasema. Papo hapo akaingiza mkono nyuma, chini ya kitambaa, akachomoa nyaya zote kwa mpigo. "Nakutolea nyaya, mwanangu. Huko nyuma pana vumbi, litakuharibia koti."

Dokta akamshukuru kwa moyo wake wote. Fundi mwingine angeuliza ule waya wa skrini ulikuwa umechomekwa wapi: kwenye kadi kubwa, au kwenye lile tundu dogo la picha ambalo bodi kuu ya kompyuta inalo yenyewe. Dokta hakuuliza. Alikuwa ameshaanza kufungua skrubu.

Ndani aliona mambo mawili. La kwanza lilikuwa ugonjwa wenyewe. Alipong'oa kile chuma kizito cha kupozea, chenye feni yake, kinachokaa juu ya prosesa, ubongo wa mashine, chini yake alikuta karatasi ya plastiki, nyembamba, inayopenyeza mwanga. Kiwandani huibandika hapo ili chuma kisikwaruzike, na imeandikwa waziwazi kwamba itolewe kwanza. Lakini wanaojiungia kompyuta nyumbani huwa na furaha nyingi siku hiyo na hawasomi. Wanaifunga hivyohivyo, prosesa inakosa pa kutolea joto, inajizima kujiokoa. Dawa yake ni kubandua, kufuta, kupaka krimu ya kupitishia joto na kurudisha. Kazi ya dakika tano. Fundi mwaminifu angewaonyesha wenyeji, wakacheka wote.

Jambo la pili lilikuwa kadi. Ilikuwa imelala humo, feni tatu, na maandishi ya dhahabu yaliyosema kwamba ni ile ile, kubwa kuliko zote. Dokta alikiona chumba cha mbele, kioo chake, hata mahali atakapoweka kiti.

Akaibandua plastiki kimyakimya na kuitia mfukoni mwa koti.

"Kuna chochote huko chini ya feni, mwanangu?" Opereta akauliza bila kuinua macho kwenye ufumaji wake.

"Hamna, mama. Kweupe."

"Hamna kabisa?"

"Mama, mimi ni Dokta."

Wifi akafungua mdomo. "Lakini si ile..."

"Wifi," Opereta akasema, "angalia chai jikoni."

"Chai gani, hata sijaiweka?"

"Basi kaiweke."

Wifi akaondoka akinung'unika. Dokta akasimama wima, akakunja uso kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Mama, tatizo ni hili dude. Limeungua ndani kwa ndani. Joto lote unaloliona ni la hili. Na kitu kikiungua hivi hutoa sumu."

"Sumu!" Wifi akapaza sauti kutoka jikoni, kwa furaha ambayo haikuendana na habari. "Sumu ya nini?"

"Ya mapafu, mama."

Opereta akaweka sindano chini. "Kwa hiyo limekufa? Halimfai tena mtu yeyote?"

"Mtu yeyote, mama."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya Mungu."

"Wifi, umesikia?"

"Nimesikia. Ameapa."

Sasa, kanuni ya pili ya Dokta, ambayo aliiheshimu kuliko ya kwanza, ilisema kwamba mwizi mjinga huacha pengo, mwizi msomi huacha kitu. Ukichukua, weka kingine kinachofanya kazi, na mwenye mali atakuombea dua. Mkobani alikuwa na kadi ndogo, nzima, ya kuaminika, aliyomwekea mteja mwingine. Akaitoa.

"Nitawafungia hii. Na hili bovu nitaondoka nalo nikalizike mbali na watu. Siwatozi kitu. Nyie ni mama zangu."

Akafuta prosesa, akapaka krimu, akafunga kila kitu barabara, maana mashine ikizima tena ataitwa. Wakawasha. Maua yakatokea, yakakaa robo saa, na kasha lilikuwa la baridi kama mtungi. Dokta alikuwa tayari ameshaipakata kadi kubwa.

"Inanguruma," Opereta akasema.

"Kidogo tu, mama."

"Ile yangu haikunguruma. Mimi na kelele hatupatani, masikio yangu yameliwa na simu za watu. Basi nirudishie ileile yangu. Sumu tutafungua dirisha."

Dokta akatazama saa, akatazama kadi. Mkobani mlikuwa na feni mpya ya kimya, bado imo kwenye boksi, aliyojinunulia mwenyewe kwa ajili ya kompyuta yake. Akaifunga. Ukimya ukatanda.

"Mbona sasa inachelewa kufunguka?" Opereta akauliza baada ya kubofya mara mbili. "Nilishazoea ile yangu. Nirudishie tu, mwanangu, usijisumbue."

Memori mbili, za kuipa mashine kasi, zikatoka mkobani, zikaingia kwenye mashine. Dokta alikuwa anatoka jasho. Kila alipokaribia mlango, Opereta alikumbuka jambo, na kila jambo liliishia kwenye kuirudisha ileile yake. Hatimaye alikaa kimya, na Dokta akainua mguu, na Wifi akaja kusimama mbele yake na kikombe kitupu.

"Na hicho cha shingoni? Mimi nina presha, na hospitali foleni inaanzia barabarani."

"Mama, hiki ni kitendea kazi changu."

"Mwache, Wifi," Opereta akasema. "Ana haki. Ila hili la sumu limenitia wasiwasi. Naona tumwite fundi mwingine naye alitazame, kabla halijatoka humu ndani."

Kipimo kikahama shingo. Wifi akakivaa, akajisikiliza, akatabasamu.

Opereta mwenyewe aliifunga kadi kubwa kwenye kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye pindo la bluu, akamkabidhi mlangoni kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu. Sasa ni yako."

Dokta aliruka ngazi mbilimbili. Mkoba ulikuwa mwepesi, lakini aliona ni wepesi wa moyo.

Alasiri ile ukumbi wa Kifaru ulikuwa umefungwa kwa maandalizi, kiti kwa kiti, skrini kwa skrini. Kifaru akafungua kitambaa kwa vidole vyake vinene, akaona dhahabu, akacheka. Dokta alikuwa hajawahi kuyaona meno yake. Wakaifunga kadi kwenye mashine kuu, wakawasha, na feni tatu zikazunguka kwa madaha.

Skrini ikabaki nyeusi.

"Subiri," Dokta akasema. Akabadilisha waya. Nyeusi. Akahamisha tundu, akapuliza, akasugua kwa kifutio, akaomba Mungu. Nyeusi tu. Feni zilizunguka vizuri mno, kwa sababu feni hazihitaji chochote ila umeme.

Meno ya Kifaru yalikuwa yameshapotea. Akaing'oa kadi, akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani palikuwa na shimo jeusi la kuungua, ukubwa wa punje ya haragwe, na vumbi la miaka limejaa humo. Kando ya skrubu ya mwisho palikuwa na kitu kidogo kinang'aa.

"Hii nini? Damu?"

Ilikuwa nukta nyekundu. Ya rangi ya kucha.

Dokta akayatazama upya maandishi ya dhahabu. Herufi ya mwisho ilikuwa imeinama kidogo kushoto. Mashine yake ya kuchapia ilikuwa na kilema hicho tangu alipoinunua. Miaka yote alijua kwamba wateja hawaioni ile herufi, wanaona dhahabu tu, na leo naye alikuwa ameona dhahabu tu.

"Umeitoa wapi takataka hii?" Kifaru akauliza.

Mazoea ni kitu kibaya. Mkono wa Dokta ulipanda wenyewe mpaka moyoni, na mdomo ukafunguka bila ruhusa.

"Hii haikutoka kwangu."

"Imetoka mkononi mwako sasa hivi!" Kifaru akasema. "Mbele ya macho yangu! Una mpaka kesho jioni."

Ijumaa asubuhi na mapema Dokta aligonga mlango wa Opereta, safari hii bila koti. Alitaka kadi yake ndogo, feni yake, memori zake, ili angalau aviuze atafute cha kumpelekea Kifaru. Wifi akamfungulia, kipimo shingoni.

"Karibu, chai ipo leo."

Mbele ya kompyuta alikaa binti wa miaka ishirini na kitu, mgongo kwake. Kwenye skrini palisimama jengo zima la ghorofa nne, na yeye alikuwa akiligeuza taratibu, akirekebisha madirisha. Mashine haikutoa hata sauti.

"Mjukuu wetu," Opereta akasema. "Anasomea kuchora majengo. Michoro yake ya mwisho inatakiwa chuoni leo saa sita, na bila kadi nzima ilikuwa kila akigusa ngazi, mashine inaganda. Mwaka wake wote ulikuwa unakwenda na maji."

Binti akageuka kwenye kiti. "Shikamoo, fundi. Hunikumbuki?"

Dokta hakumkumbuka. Alikuwa amewauzia wengi.

"Ile kadi niliinunua kwako, mwaka juzi, kwa akiba yangu yote. Ikafa kabla wiki haijaisha. Nilipoirudisha uliigeuza, ukachungulia, halafu ukafanya hivi." Akaweka mkono moyoni, akainamisha kichwa kwa huzuni. Alimwiga vizuri, mpaka Wifi akapaliwa na chai.

"Mimi sikutaka cha mtu," Opereta akasema. "Nilitaka urudishiwe mali yako na sisi turudishiwe yetu. Lakini wewe hupokei vitu vikirudishwa. Ni Wifi aliyesema, kama hapokei akiletewa, basi tumwache aibe."

"Nilisema hivyo," Wifi akakubali.

"Mmenitapeli!" Dokta akafoka. "Nitawashitaki! Mmenipa kadi iliyoungua!"

"Nani kasema imeungua?" Opereta akauliza kwa upole.

Aliyesema alikuwa Dokta mwenyewe, hapo hapo aliposimama, na kuapa mbele ya Mungu na mbele ya Wifi. Katika miaka kumi ya kutibu mashine za watu, ndio ugonjwa pekee alioutaja sawasawa.

"Waya wa skrini tuliuchomeka kwenye tundu la bodi, na ile plastiki tuliirudisha sisi chini ya chuma," binti akasema. "Niliisahau kweli, siku ile naunga, na nilipoigundua nikaihifadhi."

"Nilikuuliza mara mbili, mwanangu," Opereta akasema, na sasa sauti yake haikuwa na mchezo. "Mara mbili. Ungenionyesha tu ile karatasi, ningekulipa ujira wako, ningekwambia kadi ni mbovu, na ungeondoka na mkoba wako mzima. Nilitamani uitoe. Kweli nilitamani."

"Na chai ningeiweka," Wifi akasema.

Dokta hakunywa chai. Alikwenda mpaka mlangoni, na alipogeuka aliona Wifi ameinama, amebandika kipimo kwenye ubavu wa kompyuta na kufumba macho.

"Anapumua vizuri," akatangaza.

Jioni ile mashindano ya Kifaru yalianza kwa kadi ya kuazima. Kwenye chumba cha mbele fundi simu alikuwa juu ya ngazi, anafunga bango lake. Dokta aliyasikia yote, nyundo na shangwe, kutoka kibandani kwake mlango mmoja kabla ya choo. Mezani mbele yake kulikuwa na kitambaa cheupe chenye pindo la bluu, na juu ya kitambaa kadi ya feni tatu.

Mtu mmoja alikuwa anapita kwa haraka. Akasimama ghafla.

"Fundi! Hiyo si ile kubwa yenyewe? Unauza?"

Mkono wa Dokta ulipanda shingoni kutafuta kipimo, ukakuta shingo tupu.

"Imeungua," akasema.

Yule mtu akacheka. "Unamfichia nani? Imeungua na imelazwa kwenye kitambaa kama bibi harusi?"

"Nakwambia imekufa. Haimfai mtu yeyote."

"Basi, basi, nimekuelewa," yule mtu akasema na kukonyeza jicho. "Usimpe mwingine. Kesho asubuhi nakuja na pesa taslimu." Macho yake hayakuondoka kwenye dhahabu. Akameza mate, na Dokta akaliona koo lake likipanda, kisha likishuka.

Alipokwisha kwenda, Dokta alitoa kichupa cha rangi ya kucha. Akatia nukta mpya, kubwa kama kifungo cha koti, katikati kabisa ya maandishi ya dhahabu, na kukaa anaipulizia ikauke.